Rekodi Huvunjwa, au Huvunda?

Usiku mmoja wa mwezi mtukufu wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulikuwa tumeketi barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, tukinywa kahawa tungu kwa halua kama ilivyo ada ya mtaa ule. Miongoni mwetu alikuwamo mtoto wa ndugu yangu, kijana aishiye jimbo la Ohio kule Marekani, aliyekuja nyumbani kufunga pamoja na mamake. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha kupitia bei ya unga, msongamano wa kivuko cha Likoni na maradhi ya jirani fulani, ndipo kijana huyo aliponigeukia akasema: "Ami, wewe ndiwe msomi wetu. Hebu tuamulie. Iko siku rekodi ya Jerry Rice itavunjwa?"

Wazee walitazamana. Hapana hata mmoja aliyepata kulisikia jina hilo, na mimi mwenyewe, niungame, nililijua kwa mbali tu. Ikambidi kijana aanze mwanzo. Akaeleza kwamba kandanda ya Wamarekani si hii yetu ya kupiga mpira kwa mguu. Mpira wao una umbo la yai, hurushwa na kudakwa kwa mikono, na maendeleo ya timu uwanjani hupimwa kwa yadi. Jerry Rice alikuwa mdakaji. Kwa misimu 20 katika ligi ya kulipwa, tangu 1985 hadi 2004, mipira aliyoidaka iliipatia timu yake jumla ya yadi 22,895. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, alimaliza misimu 17 akiwa na yadi 17,492. Baina ya wa kwanza na wa pili, basi, pana pengo la yadi 5,403. Mdakaji anayepata yadi 1,000 katika msimu mmoja huhesabiwa kuwa hodari. Kwa hivyo pengo hilo peke yake ni kazi ya miaka mitano ya mtu hodari.

"Yadi?" akadakia mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote huo, kofia yake ya kito ameiweka gotini. Kwa watu wa Mombasa yadi ni kipimo cha kitambaa katika maduka ya Biashara Street, na nilidhani angelianza habari ya bei ya shuka. Haikuwa hivyo. "Yadi ndizo alizokimbia Antao," akasema. "Na rekodi ya Antao haivundiki."

Kwa wasomaji wasiomjua, Seraphino Antao alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1937, katika jamii ya Wagoa, akasoma katika shule ya Wagoa ya mji huu. Mwezi wa Novemba 1962, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Perth, Australia, alishinda mbio za yadi 100 na zile za yadi 220. Hizo ndizo nishani za kwanza za dhahabu ambazo mwanariadha wa Kenya alipata kuzitwaa katika michezo hiyo, na Kenya yenyewe ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuwa haujaja hadi Desemba ya mwaka uliofuata. Mwaka 1964 ndiye aliyebeba bendera ya taifa changa la Kenya katika Olimpiki za Tokyo. Baadaye akahamia Uingereza, na alifariki London mwaka 2011. Leo ukimtaja mbele ya wanafunzi wangu, wengi hudhani ni mchezaji wa Brazil.

Mazungumzo yakachangamka. Kijana mwingine, muuza simu, akasema rekodi hiyo imekwisha vunjwa, kwani Ferdinand Omanyala alishinda mbio za mita 100 katika michezo iyo hiyo mjini Birmingham mwezi wa Agosti 2022, akiwa Mkenya wa kwanza kushinda mbio hizo fupi tangu Antao, baada ya miaka 60. Akaongeza kwamba Omanyala amewahi kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, jijini Nairobi mwezi wa Septemba 2021, kasi ambayo Mwafrika yeyote alikuwa hajapata kuifikia. Nani asemaye Antao hajapitwa?

Mzee hakutikisika. Alikiri kwamba Omanyala ni simba, lakini akauliza maswali mawili. Je, Omanyala alishinda na zile mbio ndefu kidogo, kama Antao? Tukajibu la. Na je, alikimbia yadi? Tukajibu la, yadi hazikimbiwi tena. "Basi," akasema, "waivunde wapi, na ndia yenyewe haiko tena?"

Nimekuwa nikilitafakari jawabu hilo tangu usiku ule. Mimi si mwanamichezo. Kazi yangu ni isimu, na riziki yangu naipata kwa kuwafundisha vijana namna maneno yanavyofanya kazi. Lakini naona kwamba mzee yule, kwa kauli moja ya Kimvita, alilitatua suala ambalo mwanangu wa Ohio na wenzake hulijadili msimu baada ya msimu pasipo kulifikia mwisho.

Hebu tuanze na hilo neno. Katika Kimvita, penye sauti nj katika Kiswahili sanifu aghalabu sisi hutamka nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo, na kuvunja ni kuvunda. Mzee aliposema rekodi haivundiki alimaanisha haivunjiki. Lakini katika Kiswahili sanifu, kama ajuavyo kila mtoto wa shule, kuvunda ni kuoza, na kutokana nako tunapata uvundo. Lahaja mbili zimegawana umbo moja la neno kwa maana mbili zilizo mbali. Hiyo ni sadfa ya lugha, wala sitaki kujifanya kwamba imefichwa humo hekima ya wahenga. Hata hivyo sadfa hiyo imenipa istilahi niliyokuwa nikiihitaji, kwa sababu rekodi nazo zina vifo viwili. Kuna zinazovunjwa, na kuna zinazovunda.

Rekodi iliyovunjwa haina lawama. Mtu alikimbia kwa muda fulani, mwingine akaja akakimbia kwa muda mfupi zaidi, jina la kwanza likashuka na la pili likapanda. Kwa hakika neno kuvunja halifai hata kidogo hapo, maana kitu hakikuharibika; kilipitwa tu. Marehemu bibi yangu alipotaja rekodi alikuwa na maana ya sahani ya santuri, na hiyo ndiyo rekodi pekee niliyopata kuiona ikivunjika kweli kweli, nilipoiangusha mimi mwenyewe nikiwa na umri wa miaka saba. Taarabu iliyokuwa ndani yake hatukuisikia tena. Lakini wimbo huu wa kuvunja rekodi tumekwisha uzoea redioni na magazetini, na mtaalamu wa lugha hana mamlaka ya kuwaamuru watu waseme vingine.

Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba tunalitumia neno hilo hilo moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Omanyala akikimbia sekunde 9.77 ameweka rekodi ya siku. Inahitaji miguu, upepo mwema na chini ya sekunde kumi. Yeyote aliyezaliwa na kipaji anaweza kuamka Jumamosi moja akaipita. Lakini zile yadi za Jerry Rice si rekodi ya siku. Ni rekodi ya umri, yaani limbikizo la mwanamichezo tangu alipoingia uwanjani hadi alipotoka. Hii haitegemei miguu peke yake. Inategemea idadi ya mechi zinazopangwa kila mwaka, kanuni za mchezo, uwezo wa daktari wa kuunga goti, busara ya kocha, na hata mfuko wa mwenye timu. Mchezaji hulimbikiza, lakini mizani si yake.

Kijana wetu alinikubalia hapo, tena akanipa mifano. Kule Marekani, hadi mwaka 1977 timu ilicheza mechi 14 kwa msimu; mwaka 1978 zikawa 16, na mwaka 2021 zikawa 17. Katika mwaka huo wa 1978 kanuni nazo zilibadilishwa ili kumrahisishia kazi anayerusha mpira na anayeudaka. Matokeo yake ni kwamba rekodi za warushaji zimekuwa kama zamu ya kuteka maji kisimani. Peyton Manning alistaafu na yadi 71,940. Drew Brees akampita mwaka 2018 na kufikia 80,358. Tom Brady akampita Brees mwaka 2021, na alipomaliza misimu yake 23 alikuwa na yadi 89,214. Kwa upande mwingine, rekodi ya Emmitt Smith ya kukimbia na mpira mkononi, yadi 18,355, ilikamilika mwaka 2004 na imebaki pale pale, kwa sababu timu ziligundua kwamba kurusha kunalipa kuliko kukimbia. Wakimbiaji hawakuwa dhaifu. Mchezo ndio uliohama na kuwaacha.

Nikamwambia kijana kwamba kwa jambo hili hana haja ya kwenda Ohio. Ushahidi mkubwa kuliko wote ulipita hapa hapa kisiwani, mwendo wa miguu kutoka tulipokuwa tumeketi, na mimi nilikuwapo.

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, katika uwanja wa gofu ulio kando ya Mama Ngina Drive, bahari ikionekana na meli zikiingia mlangoni. Nilikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya pili, nikabanana na umati pale uzioni. Joto la Machi pwani halihitaji kuelezwa kwa anayelijua, na asiyelijua hawezi kuelezwa akaelewa. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloweshwa. Watu wote walikuja kumtazama mtu mmoja, Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Yeye alikuwa ameshinda mbio ndefu na mbio fupi za mashindano hayo kwa pamoja katika miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006: mataji kumi, bila ya kumwachia mtu hata moja. Tangu Desemba 2001 alikuwa hajashindwa katika mbio za nyika, na alikuwa amefikisha ushindi wa mara 27 mfululizo.

Wengi wanakumbuka yaliyotokea. Bekele aliongoza, Zersenay Tadese wa Eritrea akamfuata kama kivuli, kisha akampita. Na katika mzunguko wa mwisho yule ambaye hakujua kushindwa akasimama, akatoka njiani. Tadese akashinda, Moses Mosop na Bernard Kipyego wetu wakashika nafasi ya pili na ya tatu. Umati ulipiga mayowe ambayo, nikisema kweli, hayakuwa ya kumsifu Tadese. Nami nilipiga. Sijivunii jambo hilo. Tulimshangilia mtu kwa kuanguka kwake kwa sababu tu alikuwa amewashinda watu wetu kwa miaka mitano. Mtu mmoja kando yangu, aliyekuwa amemfunga mwanawe mgongoni kwa leso ili aone vizuri, alinyamaza kimya, kisha akasema: "Jua letu ndilo lililomshinda."

Siku ya pili yake magazeti yalisema rekodi ya Bekele imevunjwa Mombasa. Nami nilisadiki hivyo kwa miaka mingi. Sasa naona sivyo. Kilichovunjwa Mombasa ni mfululizo wake tu, nao mfululizo una ada ya kukatika. Mwaka uliofuata, mjini Edinburgh, Bekele alirudi akatwaa taji lake la sita la mbio ndefu, akawapita John Ngugi na Paul Tergat waliokuwa na matano kila mmoja. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limepita siku ile machoni petu pasi na mtu kuliona. Ratiba ya Mombasa haikuwa na mbio fupi. Zilianzishwa mwaka 1998, na baada ya mashindano ya Fukuoka ya 2006 zikaondolewa. Mombasa ndipo palipokuwa pa kwanza kuandaa mashindano pasipo mbio hizo. Kwa hivyo mataji mawili kwa mwaka, miaka mitano mfululizo, ni jambo lisiloweza kufikiwa tena na binadamu yeyote, hata akizaliwa na miguu ya swala. Hakuna aliyemzidi Bekele. Wakubwa waliketi mahali, wakafuta mstari mmoja katika ratiba, na rekodi ikafungiwa ndani kama mzigo uliosahauliwa ghalani.

Tena hayo hayakuishia hapo. Baada ya mwaka 2011 mashindano yaliacha kufanyika kila mwaka, yakawa ya kila baada ya miaka miwili. Tazama basi rekodi yetu wenyewe Wakenya: timu ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, tangu 1986 hadi 2003, mpaka Ethiopia ilipoukata mfululizo huo mjini Brussels mwaka 2004. Kwa ratiba mpya, taifa litakalotaka kuufikia ubingwa wa mara 18 litahitaji takriban miaka 35. Mtoto atazaliwa, atakimbia, atastaafu na kupata wajukuu. Jacob Kiplimo wa Uganda alishinda mwaka 2023 na tena 2024. Lau angelikuwa zama za Tergat angeliweza kuyalimbikiza mataji mwaka hadi mwaka. Kijana hana kosa, ila kisima kimefungwa kwa zamu.

Mzee wetu wa yadi alipoyasikia hayo alitikisa kichwa kwa ridhaa, akaongeza lake kuhusu Safari Rally. Zamani, alisema, magari yalikuwa yakishuka hadi pwani yakiwa yamejaa matope, na madereva hawakuwa na nafasi ya kulala. Shekhar Mehta alishinda mashindano hayo mara tano, mwaka 1973, kisha 1979 hadi 1982 bila ya kukosa. Carl Tundo naye alifikisha ushindi wa tano mwaka 2018. Je, wako sawa? Kwa hesabu, ndiyo, tano ni tano. Lakini Safari ya Mehta ilikuwa ya maelfu ya kilomita katika ratiba ya ubingwa wa dunia, na hii ya Tundo ilikuwa fupi mno, katika ratiba ya Afrika. Sisemi hivi kwa kumdharau Tundo, aliyeshindana na waliokuwapo kama afanyavyo kila mtu. Nasema tu kwamba jina la kitu linaweza kubaki pale pale na kitu chenyewe kikawa kimekwisha ondoka. Katika isimu tunalo jambo kama hilo, na tunalikuta kila siku.

Mpaka hapo tulikuwa tukizungumzia rekodi za watu waliobahatika. Antao, Bekele, Mehta, Rice: hawa hata wakipitwa na zama, majina yao na tarakimu zao zimeandikwa. Lakini usiku ule haukwisha kabla ya wazee kuingia katika jambo lililonikosesha usingizi hadi daku.

Mwaka 1965 timu ya Feisal ya hapa Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya, miaka miwili baada ya ligi hiyo kuanzishwa. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 hapana timu nyingine ya Mombasa iliyopata kufanya hivyo. Wazee wawili pale barazani waliwaona vijana wale wakicheza. Wakaanza kumzungumzia mshambulizi mmoja wa zama hizo. Sitamtaja jina, kwa kuwa jamaa zake wapo na sitaki kuwatia katika mabishano. Wa kwanza akasema bwana yule alifunga mabao zaidi ya 200 katika uhai wake wa uchezaji. Wa pili akasema mia mbili ni porojo, hayakufika 120. Wa kwanza akamtaka mwenzake aape. Mwenzake akamkumbusha kwamba ni Ramadhani. Kwa dakika kadhaa ilionekana kama urafiki wa miaka 60 utavunjika kwa sababu ya mabao 80 ya marehemu.

Nikawauliza: je, hakuna daftari? Hakuna. Kulikuwa na kijitabu, akasema mmoja, kilichokuwa na karani wa timu, na karani alipofariki kikaenda na vitu vyake. Mimi mwenyewe niliwahi kuifikia afisi moja ya mchezo, ambayo haina haja ya kutajwa, nikaomba kuona kumbukumbu za ligi za pwani za miaka ya sitini na sabini. Bwana aliyenipokea alikuwa mpole sana. Alinieleza kwamba makaratasi hayo yalikuwapo, yakarundikwa chumba cha nyuma, paa likavuja mvua za masika, na siku ya kupaka rangi yakatolewa nje kwa sababu ya harufu.

Kwa sababu ya harufu! Nilitoka pale nikiyarudia maneno yake njiani, na sikujua kama nicheke au nilie. Hapo hapahitaji mwanaisimu kueleza tofauti ya lahaja. Rekodi ile ilikuwa imevunda kwa Kiswahili sanifu.

Na rekodi iliyovunda haiwezi kuvunjwa kamwe. Mshambulizi yeyote wa Mombasa wa leo, hata afunge mabao 300, hataambiwa kwamba amempita yule wa zamani, maana hakuna ajuaye apitwe wapi. Baadhi ya wazee huiona hali hiyo kuwa ni heshima: shujaa wetu hapitwi. Mimi naiona kuwa ni dhuluma, tena ya pande mbili. Yule wa zamani amenyimwa haki ya kuhesabiwa, na huyu wa leo amenyimwa mtu wa kumfukuzia. Kijana wangu wa Ohio anaweza kukutajia yadi za mtu asiyepata kumwona kwa sababu kila mechi kulikuwa na karani mwenye kalamu. Wamarekani hawatuzidi kwa misuli katika jambo hili, wametuzidi kwa ukarani. Si bure kwamba neno rekodi katika Kiingereza ni maandishi kabla ya kuwa ushujaa. Sisi tulipolikopa tulichukua ushujaa, maandishi tukayaacha bandarini.

Baadhi ya wenzangu watanijibu kwamba sisi ni watu wa masimulizi, na kwamba kifua cha mzee ni kabati. Nimelisikia hilo katika makongamano mengi, na kila mara husemwa na mtu aliyeliandika kwenye karatasi. Masimulizi ni hazina, sikatai. Nimekula mkate wangu humo. Lakini watu wa Mombasa hatupaswi kusahau habari ya Muyaka bin Haji. Malenga huyo, aliyefariki takriban mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyokuwa yakighaniwa katika mji huu huu. Yangelipotea yote kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyafuatia midomoni mwa watu na kuyakusanya mwishoni mwa karne ile, na mmishonari W. E. Taylor akayahifadhi maandishi hayo. Diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Watu wa Mombasa waliyapenda mashairi yale, lakini mapenzi peke yake hayakuyafikisha kwetu. Yalifikishwa na mtu mmoja aliyekwenda mlango kwa mlango na wino. Na hata yeye alichelewa kiasi: mengine bila shaka yalikuwa yamekwisha zikwa pamoja na waliokuwa wakiyajua.

Waliomwona Antao akifanya mazoezi sasa wana zaidi ya miaka sabini. Waliowaona Feisal mwaka 1965 ni hao hao. Kila mwaka, baada ya Ramadhani, ninaporudi barazani, huwa pana pengo jipya, na sote hujifanya hatulioni mpaka mtu aulize kikombe cha nani hiki.

Basi siku ya pili yake nilinunua daftari la kurasa 200 duka la vitabu lililo karibu na posta. Usiku nikaenda nalo Kibokoni, nikaliweka juu ya mkeka. Nikawaambia wazee wale wawili kwamba sitaandika jumla, si 200 wala 120. Nitaandika bao moja moja: lilifungwa dhidi ya nani, uwanja gani, mwaka gani kwa kukisia, na nani mwingine alikuwapo wa kushuhudia. Jumla itakuja yenyewe, au haitakuja. Walidhani nafanya mzaha. Kisha yule wa mabao 200 akaanza, na mwenzake akamsahihisha, na wa kwanza akakubali, jambo ambalo usiku uliotangulia lisingeliwezekana. Kijana wangu wa Ohio ndiye aliyekuwa karani, kwa kuwa hati yake inasomeka kuliko yangu. Kabla ya muadhini wa alfajiri tulikuwa tumepata mabao 31, na katika hayo 19 yana mashahidi wawili.

Kijana amekwisha rudi Marekani. Daftari limebaki kwangu, na sasa lina mabao 58. Juzi yule mzee wa mabao 120, yule mgumu, alinipigia simu asubuhi mapema akasema amekumbuka matatu zaidi, yote ya siku moja, dhidi ya timu ya Tanga. "Lakini moja alilifunga kwa mkono, mwanangu," akaniambia, "mwamuzi hakuona. Hilo usiliandike."

Nimeliandika, na ubavuni mwake nimeandika: kwa mkono.